Nyongeza ya Kulipia

*Mwaka 2006 vazi la farasi wa kwenye gemu liliuzwa dola mbili na nusu, na wachezaji wakaangua kicheko. Tangu hapo wamelipia farasi wa bei mara kumi ya huyo. Mwandishi wetu, aliyeombwa kadi ya benki na mpwa wake, amejaribu kutenganisha nyongeza na ujanja.*

JUMAMOSI moja jioni mpwa wangu, kijana wa kidato cha pili, alinifuata sebuleni, pedi mkono mmoja, simu mkono wa pili.

"Mjomba, shikamoo. Naomba namba za kadi yako ya benki."

"Marahaba. Za nini?"

"Nataka kumnunua Eddy."

Nilidhani nimesikia vibaya. Eddy Gordo, yule Mbrazili wa rasta anayepigana kwa capoeira, namfahamu tangu enzi za Tekken 3, gemu iliyoingia kwenye PlayStation mwaka 1998 na kutawala vibanda vyetu vya gemu kwa miaka. Alikuwa kimbilio la kila asiyejua kucheza. Unabonyeza vitufe vya mateke bila mpangilio wowote, naye anazunguka kama pangaboi hadi mpinzani anaweka pedi chini kwa hasira. Kibandani kwetu Temeke, aliyemchagua Eddy alizomewa akishinda, na akishindwa alizomewa mara mbili.

"Eddy si yumo humo humo?"

"Hayumo, mjomba. Wa kulipia."

Mtoto alikuwa sahihi. Tekken 8 ilitoka Januari 2024 na wapiganaji 32, Eddy hayumo. Alikuja Aprili kama nyongeza ya kushusha mtandaoni, kwa bei ya karibu dola 8. Baadaye mwaka huohuo akafuata mzee Heihachi Mishima, naye kwa malipo yake. Ndani ya Tekken 3 Heihachi alikuwa amefichwa, lakini hakuuzwa. Ulimaliza mchezo na mpiganaji huyu, ukaumaliza na yule, hadi siku moja sura yake ikajitokeza kwenye orodha. Gharama yake ilikuwa jasho, pamoja na hofu kwamba mwenye kibanda ataifuta memori kadi.

Kilichonikera kwanza ni neno lenyewe. Sokoni nyongeza hailipiwi. Unanunua fungu la nyanya, unatoa pesa, kisha unasimama hapohapo: "Mama, nyongeza yangu?" Mama anakurushia mbili, moja imebonyea kidogo, na kwa sababu ya hizo mbili kesho unapita meza tatu kwenda kwake. Watu wa gemu, ambao wao husema DLC, wameligeuza tendo lilelile kuwa bidhaa yenye bei.

Nikamwambia mpwa wangu anipe wiki moja. Sikufanya hivyo kwa ubahili tu, ingawa ubahili ulikuwemo. Nilitaka kujua ni nyongeza ipi mtu mwenye akili timamu angeilipia.

Vazi la farasi

Kila anayeusimulia mkasa huu huanzia kwa farasi, na mimi sioni pa kuanzia pengine.

Machi 2006 kampuni ya Bethesda ya Marekani ilitoa The Elder Scrolls IV: Oblivion, gemu kubwa ya upanga na uchawi ambamo mchezaji anatembea peke yake katika nchi nzima. Mwezi uliofuata ikaweka mtandaoni vazi la chuma la farasi. Kwa wenye Xbox 360 bei ilikuwa pointi 200 za Microsoft, sawa na dola 2.50. Unalipa, unamvisha farasi wako, basi.

Wachezaji walikasirika, kisha wakacheka, kisha wakanunua. Bethesda yenyewe haikujificha: Aprili mosi 2009, Siku ya Wajinga, ilipunguza bei ya nyongeza nyingine za Oblivion na kuipandisha ya vazi la farasi maradufu. Na toleo jipya la gemu hiyo lilipotoka Aprili 2025, wanunuzi wa toleo la bei ya juu walipewa, pamoja na vitu vingine, vazi jipya la farasi. Mzaha wa miaka 19 ulikuwa umekomaa na kuwa biashara.

Ila watu husahau farasi wa pili. Aprili 2010 kampuni ya Blizzard iliwauzia wachezaji wa World of Warcraft farasi mwenye mabawa, mwili wake unang'aa kama anga la usiku, kwa dola 25. Huyu hakukimbia kuliko farasi wengine wala hakupigana. Bei yake ilikuwa mara kumi ya lile vazi lililochekwa. Siku ya kwanza foleni ya mtandaoni ilipita watu laki moja.

Kwa nini huyu alipendwa na yule akazomewa? Jibu langu ni nguo ya Idi. Hakuna anayevaa kanzu mpya akajifungia chumbani. Oblivion ni gemu ya mtu mmoja. Farasi wako hata umvishe dhahabu, anayemwona ni wewe peke yako, na wewe uko mgongoni mwake. World of Warcraft ni mji wenye baraza. Unapita na farasi wako wa nyota, watu wanageuka.

Kwa hiyo simcheki anayelipia vazi kwenye gemu ya wengi kama Fortnite, ambayo kuicheza ni bure. Amenunua nguo ya kutokea. Ninayemsikitikia ni anayelipia vazi kwenye gemu anayoicheza peke yake usiku wa manane.

> Hakuna anayevaa kanzu mpya ya Idi akajifungia chumbani.

Mpishi naye asikilizwe

Kuna wanaoamini zamani gemu ilikuja kamili na tamaa ililetwa na intaneti. Kumbukumbu hiyo ina mapengo. StarCraft ilitoka mwaka 1998, na mwaka huohuo ikafuatiwa na Brood War, nyongeza iliyouzwa dukani ndani ya boksi lake. Hakuna aliyeilalamikia. Ilikuwa na hadithi mpya na majeshi mapya, na hadi leo wapenzi wa StarCraft hawaioni gemu bila hiyo.

Intaneti ilileta udogo. Kutengeneza boksi, kulisafirisha na kuliweka rafuni kulikuwa na gharama, hivyo hakuna kampuni iliyoweza kuuza vazi moja la farasi dukani. Faili haina boksi. Tangu hapo chochote kinaweza kukatwa kipande na kupewa bei.

Watengenezaji wana hoja mbili ambazo ni haki kuzisikia. Ya kwanza ni bei. Kuanzia mwaka 2005 hivi gemu kubwa mpya ilisimama kwenye dola 60 huko Marekani, na haikuanza kupanda hadi 70 mpaka mwaka 2020. Katika kipindi hicho watu wanaohitajika kutengeneza gemu moja waliongezeka kutoka makumi hadi mamia. Pengo hilo lilizibwa na kitu, na kwa sehemu kitu hicho ni nyongeza.

Ya pili ni ratiba, nayo wachezaji wengi hawaijui. Gemu haikamiliki siku moja kwa wote. Mchoraji na mbunifu wa ramani humaliza kazi miezi kadhaa kabla ya fundi wa kurekebisha hitilafu. Halafu gemu hupelekwa kwa wenye mashine ikaguliwe, na hapo wiki zinapita. Wachoraji wafanye nini? Ama wanapewa nyongeza ya kutengeneza, ama wanaachishwa kazi. Ndiyo maana nyongeza inaweza kuwa tayari siku ileile gemu inapotoka bila mtu yeyote kuiba kitu.

Inaweza. Machi 2012 ilitoka Mass Effect 3, na siku hiyohiyo ikauzwa nyongeza ya dola 10 iliyoitwa From Ashes. Ndani yake alikuwemo Javik, mtu wa mwisho wa taifa la Waprothea. Kwa asiyeifahamu hadithi: kutoweka kwa Waprothea ndiko kunakoibeba simulizi nzima kuanzia sehemu ya kwanza. Kampuni ilieleza kuwa kazi hiyo ilikamilishwa baada ya gemu yenyewe kwenda kukaguliwa. Wachezaji walipochokonoa diski wakakuta baadhi ya mafaili ya Javik yamo tayari.

Mimi nakubali maelezo ya kampuni yote kama yalivyo, na bado nasema wachezaji walikuwa na haki ya kukasirika. Suala si siku gani alipikwa. Javik si kachumbari, ni nyama. Ukiniuzia pilau halafu nyama ukaniwekea kwenye sahani ya pembeni yenye bei yake, usinieleze ilichemshwa sufuria gani.

Mwaka huohuo Capcom ya Japani ilivuka mipaka mara mbili. Street Fighter X Tekken ilikuwa na wapiganaji 12 waliokwisha kukamilika na kuwekwa ndani ya diski, ila wamefungwa. Ulichokuja kuuziwa ni ruhusa ya kuwafungua. Na Asura's Wrath, gemu ya nusu-mungu mwenye hasira anayemtafuta binti yake, iliuza mwisho wake wa kweli kama nyongeza. Hadithi unayo, mwisho anao mwenye duka.

> Ukilipia ufunguo wa chumba kilichomo ndani ya nyumba uliyokwisha kuilipia, hapo hujaongezewa kitu.

Mzee wa kilabuni

Sasa twende Warsaw, Poland, kwa CD Projekt Red.

Mei 2015 walitoa The Witcher 3, na kabla ya yote wakatangaza nyongeza ndogo 16 za bure: kazi fupi fupi, mitindo ya nywele, mavazi. Miongoni mwake lilikuwemo vazi la jeshi la Temeria lenye tandiko na vifaa vya farasi. Miaka tisa baada ya Oblivion, mtu alikuwa amemvisha farasi bila kudai senti. Mama wa nyanya angewaelewa.

Kisha wakauza mbili kubwa. Hearts of Stone, Oktoba 2015, dola 10. Blood and Wine, mwishoni mwa Mei 2016, dola 20.

Nataka nikae kidogo kwenye Hearts of Stone, kwa sababu naiona ndiyo kipimo cha nyongeza nyingine zote. Mwanzoni kabisa mwa gemu yenyewe, katika kijiji cha kwanza, shujaa wetu Geralt anaingia kilabuni akimuulizia mwanamke anayemtafuta. Mtu mmoja aliyevaa kimaskini, mpole, mcheshi kidogo, anamwelekeza. Anasema yeye ni mfanyabiashara wa vioo. Mnaagana. Unaweza kucheza saa mia moja zilizobaki, ukamaliza kila kitu, usimkumbuke tena.

Nyongeza inamrudisha. Na hapo ndipo unapogundua yule maskini wa kilabuni ni nani, na kwamba wema wake wa siku ile nao ulikuwa na deni. Jina lake ni Gaunter O'Dimm, na katika gemu zote nilizocheza sijakutana na mtu wa kutisha zaidi, ilhali hapandishi sauti wala hana pembe.

Tazama walivyolijenga jambo hilo. Aliyenunua gemu peke yake hakuachiwa tundu, maana yule mzee wa kilabuni alitosha vilevile alivyo. Aliyenunua nyongeza alipata hadithi mpya, na zaidi ya hapo alipewa sababu ya kuitazama upya ile aliyokuwa nayo. Javik ni pengo ulilouziwa kiraka chake. Gaunter O'Dimm ni mlango ambao hukujua upo.

Blood and Wine ni nzuri kwa namna nyingine. Inampeleka Geralt Toussaint, nchi ya mizabibu na jua, baada ya matope na vita vya gemu nzima, na inampa nyumba. Mtu aliyelala porini na kwenye nyumba za wageni kwa saa zote hizo anapewa shamba, kitanda na mtumishi wa kumkaribisha. Mwaka 2016, kwenye tuzo za The Game Awards, ilishinda gemu nzima nzima katika kundi lake, nayo ni nyongeza tu.

Hawa wa Warsaw si malaika. Desemba 2020 walitoa Cyberpunk 2077 ikiwa na hitilafu nyingi kiasi kwamba Sony iliiondoa kwenye duka lake la mtandaoni kwa miezi sita hivi. Septemba 2023 walileta nyongeza yake, Phantom Liberty, kwa dola 30, akiwemo mwigizaji Idris Elba. Ni nzuri. Lakini siku chache kabla yake walitoa marekebisho makubwa ya gemu nzima bure kwa kila mwenye nayo, na wapo waliolipa wakidhani wanayanunua hayo. Kabla ya kutoa pesa uliza: kipi katika haya ninayosifiwa kinakuja bure hata nisiponunua?

Saa ni kipimo kibovu

Vijana wengi niliozungumza nao vibandani hupima kwa saa. Dola 20 kwa saa 20, dola moja kwa saa, haki. Hesabu hiyo inaeleweka kwa mtu aliyekua akilipia kwa mechi huku kundi zima linamhesabia mgongoni.

Lakini saa zinajazwa. Nenda kaokote manyoya 50, panda minara 12, rudi. Hizo nazo ni saa. Kwa upande mwingine kuna Left Behind, nyongeza ya The Last of Us iliyotoka Februari 2014 kwa dola 15. Inaisha kwa saa mbili au tatu. Wasichana wawili wanazurura katika jengo la maduka lililotelekezwa, wanacheza, wanataniana, na mchezaji anajua jambo ambalo wao hawalijui. Kwa hesabu ya saa ni wizi. Mimi sijawahi kuijutia.

Kipimo kingine ambacho hakimo kwenye hesabu ya saa ni wewe mwenyewe. Shadow of the Erdtree, nyongeza ya Elden Ring ya Juni 2024, iliuzwa dola 40 na kufikisha nakala milioni tano ndani ya siku tatu. Ni kubwa kuliko gemu kamili za watu wengine. Ila mlango wake hauufungui hadi uwe umewaua Radahn na Mohg, na Mohg ni miongoni mwa maadui wagumu waliofichwa mbali kabisa ndani ya gemu. Kuna watu walioilipia na wakabaki mlangoni. Ni kama kununua tiketi ya fainali ilhali timu yako bado inahangaika kwenye makundi.

Kwa upande wa familia, Nintendo iliuza barabara 48 za Mario Kart 8 Deluxe kwa dola 25, zikatoka kwa awamu kati ya 2022 na 2023. Nusu dola kwa barabara, na watu wanne wanacheza sebule moja. Nyingi zilikuwa za zamani zilizopakwa rangi upya, lakini nyumba yenye watoto haijali hilo.

Gharama zisizoandikwa

Bei inayotajwa kwenye duka la mtandaoni ni ya mtu wa Ohio. Kwetu inaanza hapo.

Dola 8 za Eddy ni takribani shilingi 20,000 za Tanzania. Kisha unahitaji kadi inayokubaliwa mtandaoni. Hapo mambo yamerahisika: Kenya, kwa mfano, tangu 2022 mwenye M-Pesa anaweza kujitengenezea kadi ya Visa ndani ya simu. Baada ya kadi linakuja bando. Nyongeza kubwa huwa na gigabaiti 15, 20, hata 30, na wengi wetu tunasubiri bando la usiku, tukiomba umeme usikatike saa tisa alfajiri faili ikiwa imefika asilimia 94.

Halafu kuna suala la kutokuwemo. Mei 2024 Sony ilitaka kila mchezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta aunganishe akaunti ya PlayStation. Ghafla ikaonekana kwamba gemu ilikuwa imeuzwa katika nchi na maeneo zaidi ya 170 ambako huduma hiyo haipo rasmi, na ikaondolewa sokoni huko. Sehemu kubwa ya Afrika ilikuwa kwenye orodha, Tanzania na Kenya zikiwemo. Mpango wenyewe ulifutwa ndani ya siku chache kutokana na kelele za wachezaji, lakini sisi tulikwisha jifunza tulikosimama.

Ndiyo maana vijana wetu hufungua akaunti kana kwamba wanaishi Marekani au Uingereza. Mtego uko hapo. Kuna mashine ambazo nyongeza hukubali tu diski ya eneo lake. Diski zinazofika Kariakoo hutoka pande nyingi, nyingine Dubai, nyingine Ulaya, nyingine Marekani. Ukiwa na diski ya Ulaya ukanunua nyongeza kwa akaunti ya Marekani, itashuka usiku kucha, na asubuhi haitafunguka. Kabla ya kulipa, geuza kasha uangalie alama ya umri: ya Ulaya ni mraba wenye namba kubwa, ya Marekani ina herufi. Kagua na eneo la akaunti yako. Viendane.

Na kuna mtumba. Yapo makasha yaliyokuja na karatasi yenye namba ya siri ya kufungulia nyongeza, kwa mtu mmoja tu. Kwenye Mass Effect 2 ya mwaka 2010, aliyenunua diski mpya alipewa namba hiyo bure na wa pili alitakiwa kulipa dola 15. Mpango ulilengwa kwa maduka ya mitumba ya Marekani. Jiwe likatua kwetu. Ninayo bado diski moja niliyoinunua kwa fahari, karatasi yake imekunjwa vizuri, namba imekwanguliwa na mtu wa nchi nyingine miaka kabla sijaishika.

Sarafu zisizo sarafu

Hili nalipitia haraka kwa sababu halistahili heshima ya kuitwa nyongeza.

Kwa wenye Xbox 360, lile vazi la farasi halikuuzwa kwa dola. Liliuzwa kwa pointi 200, na pointi 80 zilikuwa dola moja, nazo ziliuzwa kwa mafungu ambayo hayakulingana na bei ya unachotaka. Ukibaki na pointi 300 mkononi, utarudi. Microsoft iliziacha mwaka 2013, lakini mbinu ilibaki. Tekken 8 yenyewe ilifungua duka lenye sarafu zake Februari 2024, wiki chache baada ya watu kununua gemu na kumaliza kuisifia.

Mbaya zaidi ni pakiti zilizofungwa, ambazo unalipia bila kujua kilichomo. Tunaowafahamu vijana wa mikeka ya kubeti hatuhitaji kuelezwa. Mwaka 2018 Ubelgiji ilizitangaza kuwa kamari, na Januari mwaka uliofuata kampuni ya EA ikaacha kuuza huko pointi za kununulia pakiti za wachezaji wa FIFA. Nchini Marekani, Desemba 2022, Epic Games ya Fortnite ilikubali kutoa dola milioni 245 za kuwarudishia wateja, baada ya serikali kuituhumu kupanga vitufe kwa namna iliyowafanya watu, watoto wakiwemo, walipe bila kukusudia.

Ndiyo sababu namba za kadi sikumpa mpwa wangu.

Shamba lililorudishwa kwa mwenyewe

Swali la mwisho nililijua nikiwa nimechelewa: ukishanunua, ni chako?

Novemba 2020 kampuni ya Bungie iliondoa ndani ya Destiny 2 hadithi na sayari ambazo watu walikuwa wamezilipia, kwa maelezo kwamba gemu imekuwa kubwa mno kuitunza. Februari 2022 ikaondoa na hadithi ya Forsaken, moja ya nyongeza zilizopendwa sana. Hawakuzivunja diski za mtu. Walifunga mlango upande wao. Mwaka 2024 jimbo la California lilipitisha sheria inayoyalazimu maduka ya mtandaoni kumweleza mteja wazi kwamba anachopewa ni leseni.

Kwa hiyo nyongeza ya gemu inayotegemea seva naiona kama kodi ya chumba. Nalipia ninachokitumia mwezi huu. Sinunui cha kuweka akiba.

Tena sinunui kilichoahidiwa. Pasi ya msimu, ambayo unailipia kabla nyongeza hazijatengenezwa, ni mbuzi kwenye gunia. Hata neno la kampuni kubwa halitoshi: mwishoni mwa 2013 Rockstar ilisema mwaka unaofuata ingeongeza hadithi za mashujaa watatu, Michael, Franklin na Trevor, ndani ya GTA V. Mimi niliyeimaliza GTA San Andreas mara tatu nilisubiri. Hazikuja. Pesa zilikuwa zimehamia kwenye GTA Online.

Huku wengine wanatoa bila kuombwa. No Man's Sky ilipotoka Agosti 2016 ilitukanwa, na tangu hapo watengenezaji wake, Hello Games wa Uingereza, wameiongezea mambo mwaka baada ya mwaka bila kuwadai wanunuzi tena. Stardew Valley, gemu ya kilimo iliyoanza kama kazi ya mtu mmoja, Eric Barone, ilipata nyongeza kubwa Machi 2024. Bure.

Na mwenye subira hulipa kidogo kuliko wote. Mwaka mmoja au miwili baada ya gemu kutoka, mara nyingi huja toleo kamili lenye kila nyongeza ndani yake, kwa bei ya chini ya ile ya kwanza. Sina aibu kusema The Witcher 3 niliinunua hivyo.

Wiki iliisha

Mpwa wangu hakusahau. Jumamosi iliyofuata alikuwa mlangoni.

"Mjomba, shikamoo. Wiki imeisha."

Nilimsomea yote haya, karibu kwa mpangilio huu. Alisikiliza kwa adabu. Nikamwambia Eddy hakupaswa kuuzwa, kwamba mpiganaji aliyekuwemo tangu 1998 ni nyama na si kachumbari, na kwamba akisubiri mwakani atampata na wenzake wote kwa bei nafuu.

"Sawa, mjomba," akasema. "Ila wenzangu wanaye sasa. Wakinipiga naye mtandaoni, mimi sijui hata mateke yake yanatokea wapi. Mwakani watakuwa wameshahama gemu."

Hilo sikuwa nimeliandika popote kwenye daftari langu.

Tukakagua diski, ikawa ya Ulaya. Akaunti, ya Uingereza. Zikaendana. Namba za kadi niliziingiza mwenyewe, nikazifuta mwenyewe. Eddy akashuka kabla chai haijapoa, rasta zake zikiwa ndefu kuliko nilivyomwacha. Mtoto akampiga naye mtu wa Ureno, akapigwa na mtu wa Misri, kisha akanipa pedi.

Vidole vilikumbuka. Mateke, bila mpangilio wowote.

"Mjomba, huko ni kubonyeza tu," akalalamika.

Alikwenda kulala saa nne. Mimi nilizima mashine saa saba.